Kitufe Kisichotaja Jina Lake

Mteja mmoja alitupigia simu akiwa na ombi dogo: tumwambie kitufe cha tatu kutoka juu kinafanya kazi gani. Haoni, anatumia TalkBack, na kila kidole kikifika pale simu inamwambia tu "kitufe, hakina lebo". Kumbe kilikuwa kitufe cha kuangalia salio. Kwa miezi kadhaa alikuwa akimpa mpwa wake simu, na PIN pia, ili amsomee pesa iliyobaki.

Tuseme ukweli, tuliaibika. Kila siku tunawahimiza: usimpe mtu PIN yako, hata awe wakala, hata awe ndugu. Halafu sisi wenyewe tunatengeneza programu inayomlazimu mtu kuitoa.

Kisoma skrini hufanya kazi hivi. Ukigusa kitu, sauti inakitaja. Ukigonga skrini mara mbili, kitu hicho kinafunguka, na ukitelezesha kidole kulia unaenda kwa kinachofuata. TalkBack iko kwenye simu nyingi za Android na VoiceOver iko kwenye iPhone, bila malipo. Lakini mara nyingi sauti hiyo haielewi picha yenyewe. Kwa kawaida inasoma maneno ambayo mtengenezaji wa programu ameandika nyuma ya picha. Akisahau kuyaandika, ile alama ya jicho uliyozoea kubonyeza inaweza kubaki kuwa "kitufe" tu.

Kwenye toleo jipya, vitufe vyote vya ukurasa wa kwanza vina majina. La maana zaidi kwetu ni hili: jina la mpokeaji sasa linasomwa kwa sauti kabla hujaweka PIN. Hapo awali lilijitokeza kimya, na asiyeona alikuwa anatuma pesa kwa imani tu. Bado taarifa za akaunti za PDF zinasomwa ovyo ovyo, safu zinaingiliana. Hiyo hatujaimaliza.

Na wale wa menyu ya kubonyeza nyota na reli? Kisoma skrini kinaisoma, lakini menyu ikiwa ndefu, muda unaweza kuisha kabla sauti haijafika mwisho. Ndiyo maana tunasukuma programu iwe sawa.

Ukiwa kwenye matatu au kibandani kwa wakala, vaa spika za masikioni kabla ya kufungua programu, kwa sababu simu inaweza kutaja salio lako mbele ya watu wote. Pia unaweza kuzima picha huku sauti ikiendelea: kwenye iPhone, VoiceOver ikiwa imewashwa, gonga mara tatu kwa vidole vitatu, kwenye Android, tafuta chaguo la kuficha skrini ndani ya menyu ya TalkBack. Jirani atachungulia hadi achoke. Na ukitoa pesa, usiondoke kwa wakala kabla hujasikiliza SMS yote.

Yule mteja wetu amebadilisha PIN. Mpwa, anasema, amenuna kidogo.

Ukikutana na kitufe kisicho na jina, pigia huduma kwa wateja utuambie uko ukurasa gani na ni kitufe cha ngapi kutoka juu. Yeye alihesabu hivyo hivyo, na tulikipata kabla hajakata simu.