Kupiga picha ni ruhusa moja, kuisambaza ni ruhusa nyingine

Mdundiko ukipita mtaani, iwe Kisarawe au kata ya Pangani kule Kibaha, simu zinatoka mifukoni kabla ngoma haijakata kona. Jioni hiyohiyo picha ziko kwenye makundi ya WhatsApp: mwali, shangazi zake, watoto waliofuata ngoma, na jirani aliyekuwa anajipitia zake na ndoo kichwani. Wasikilizaji wengi wana swali moja: je, ni halali?

Kwa kawaida huhitaji kibali cha mtu yeyote kupiga picha ya shughuli inayofanyika barabarani au uwanjani, ukaiweka kwenye simu yako kama kumbukumbu. Ugumu unaanza pale unapoituma. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kulindwa maisha yake binafsi. Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi, kama lilivyo jina lake au namba yake ya simu. Kwa hiyo mama lishe wa Maili Moja aliyekubali umpige picha akikaanga chapati hajakubali picha hiyo iwekwe kwenye tangazo la duka la mtu. Kwa lile la pili anapaswa kuulizwa upya.

Namna ya kuomba haina ugumu, ila itamke yote mawili: "Shikamoo bibi. Naomba nikupige picha, nitaiweka kwenye kundi la kijiji. Ni sawa?" Akisema subiri nijitande khanga vizuri, subiri. Ukimaliza mwonyeshe. Akisema hii hapana, ifute mbele ya macho yake. Kwa mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, muulize mzazi au mlezi, hata kama mtoto mwenyewe ndiye anayekukimbilia akitaka kupigwa.

Hapo ndipo shughuli za mwali zinapohitaji uangalifu zaidi, na tuseme wazi maana ndizo zinazoleta ugomvi. Kwa Wazaramo na majirani zao wa Pwani, unyago una upande wa ndani na upande wa nje. Siku ya kumtoa mwali ni sherehe ya wote: ngoma, pilau, watu kutuza pesa. Mafunzo ya ndani ni siri ya waliopitia. Hayasimuliwi kwa asiyeyajua, seuze kupigwa picha. Siku hizi simu inaingia kila mahali, na picha moja iliyopigwa kupitia upenyo wa pazia inaweza kumfuata binti mpaka shuleni na mpaka siku ya kuolewa. Muulize kungwi au mwenye shughuli kipi kinapigwa na kipi hakipigwi. Wakisema simu zibaki nje, ziache nje. Na hata siku ya kutoka, kumbuka kwamba mwali mara nyingi ni mtoto kisheria. Kwa maoni yetu, picha yake haina sababu ya kutoka nje ya familia.

Ajali nayo iko kwenye fungu hilo. Barabara ya Morogoro inapita katikati ya Kibaha na Mlandizi, na gari likipinduka kuna wanaokimbilia kupiga picha majeruhi kabla ya kupiga simu ya msaada. Kuna mama atakayemtambua mwanawe kwa shati, kwenye kundi la WhatsApp, kabla hajapigiwa simu na mtu.

Yapo pia maeneo ambayo huruhusiwi kupiga picha kabisa bila kibali. Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inalinda maeneo ya jeshi na mengine yaliyotangazwa kuwa maeneo ya ulinzi. Kwa huku kwetu fikiria kambi ya JKT Ruvu, au Nyumbu pale Kibaha. Usijipige selfi ukiwa umeegemea geti. Askari akikwambia acha, acha kwanza, kisha muulize kwa upole sababu.

Kuhusu reli ya mwendokasi inayopita Soga na Ruvu, hatari ni ya maisha. Treni za abiria zilianza safari kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024. Zinaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa, hazina mngurumo wa treni za zamani, na nyaya za juu yake zina umeme wa volti 25,000. Picha nzuri ya treni inapigwa nje ya uzio, kwa mbali.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halina ugomvi lakini linatupotezea mengi: picha zisizo na maelezo. Chukua neno Pangani tu. Ukiandika "Harusi Pangani", mtu atafikiri ni Pangani ya Tanga, mto unapoingia baharini. Mwenye ndugu Kenya atafikiri ni Pangani ya Nairobi. Hakuna atakayejua ni kata ya Pangani, Kibaha. Andika kijiji au mtaa, kata, wilaya, tarehe, tukio, na jina la aliyepiga.

Hili lina uzito kwa sababu Kibaha na Kisarawe zinabadilika haraka. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Ulaya ya Kaskazini, likakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. Kama babu yako alifanya kazi pale na ana picha kwenye sanduku, mkalishe umuulize hao waliosimama ni nani, uandike nyuma kwa penseli. Picha unayopiga leo ya kituo cha bodaboda au mkorosho ulio mbele ya ofisi ya kijiji, baada ya miaka 20 itakuwa na thamani hiyohiyo, ikiwa tu itajulikana ni ya wapi.

WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ubora. Ukitaka ibaki ilivyo, itume kama hati. Itakula bando zaidi, na kuna jambo jingine: kama simu yako huweka alama ya mahali kwenye picha, hati itakwenda na alama hiyo. Picha ya nyumbani kwako, au ya watoto, izimie alama hiyo kwanza kwenye mipangilio ya kamera.

Na picha ni ya nani? Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kazi ni ya aliyeipiga. Lakini sura ni ya aliyepigwa. Haki hizo mbili zinakaa ndani ya picha moja, ndiyo maana mpiga picha wa harusi na wenye harusi wakubaliane mapema, ikibidi kwa maandishi, kama picha zitawekwa mtandaoni.

Picha yako ikisambazwa bila ridhaa, kwanza piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya aliyetuma na tarehe. Kisha mwombe aifute kwa wote. WhatsApp inampa siku mbili hivi, na msimamizi wa kundi naye anaweza kuifuta. Nakala zilizokwisha kupakuliwa hazifutiki kwa njia hiyo, kwa hiyo usichelewe. Akikataa, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Kama ni picha ya mtoto au ya aibu, nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Malalamiko ya kutumia taarifa zako, mfano sura yako kwenye tangazo la biashara, hupokewa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.