Rangi haifukuzi kutu

Land Rover kuukuu inaweza kuwa na bodi isiyo na doa la kutu na bado ikawa imekwisha. Ubavuni inang'aa, boneti limenyooka, rangi ni ya juzi. Lala chini yake ugonge chesisi kwa bisibisi, na huenda bisibisi ikazama. Watu wa kusini mwa Tanzania wanalijua vizuri gari hili, na ndilo linaloonyesha kuliko jingine lolote kwa nini kazi ya rangi huanza mbali kabisa na rangi.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 30, 1948. Vita vilikuwa vimeisha, chuma Uingereza kilikuwa kwa mgawo, na alumini ndiyo iliyopatikana kwa urahisi. Bodi ikatengenezwa kwa alumini, chesisi ikabaki chuma. Wakati huohuo, huku kusini mwa Tanganyika, Waingereza walikuwa katika mradi wao wa karanga: mashamba Nachingwea, reli ya kuteremka pwani, na bandari ya Mtwara iliyokamilika mwaka 1954, wakati mradi wenyewe ulishakufa. Reli nayo ikafungwa mwaka 1962. Barabara za mchanga na tope zikabaki, na kwa miaka mingi kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003, gari la kuaminika upande huu lilikuwa lile linaloweza kupita pasipo barabara.

Leo, katika kijiji kama Kitaya, kwenye ukingo wa Mto Ruvuma ndani ya Halmashauri ya Mji Nanyamba, Land Rover imeshazipisha Hilux, Noah na Land Cruiser mkonga. Gari jipya halinunuliki kwa wengi, na la mtumba likishazeeka nje hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu linapoingia nchini. Kwa hiyo gari lililopo hutunzwa, hukarabatiwa, hupigwa rangi upya. Mwenye kulipeleka gereji husema neno moja: "Nipigie rangi." Hapo ndipo mambo yanapoharibikia, kwa sababu ameagiza kitu cha mwisho na kuviruka vyote vinavyotangulia.

Chumvi ya pwani, tope la bonde

Kutu inataka vitu vitatu: chuma, maji na hewa. Chumvi huongeza kasi yake kwa njia mbili. Kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kuoza kwa chuma ni kazi ya umeme mdogo unaotembea kutoka sehemu moja ya bati hadi nyingine. Pili, chumvi huvuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, chembe ya chumvi huanza kuyeyuka yenyewe bila tone la mvua. Gari lililolala bandani usiku kucha, likidhaniwa ni kavu, kumbe limeloa.

Gari la bonde la Ruvuma linaipata adha hiyo pande zote mbili. Leo limebeba magunia ya korosho au mpunga na kurudi na tope lililojibana kwenye mikunjo ya chesisi, tope linaloshika maji kwa wiki nzima. Kesho limeteremka Msimbati kuchukua samaki, limepita kwenye mchanga wa ufukweni, na maji ya chumvi kutoka kwenye matenga yanachuruzika sakafuni hadi kwenye viungio vya bati. Huko juu wanaosha boneti na vioo. Chini hakuna anayechungulia.

Kwa Land Rover kuna balaa la ziada. Alumini na chuma vikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa. Ndiyo sababu rangi ya Land Rover huanza kufura kandokando ya boliti na ribiti, na ukiikwangua unakuta unga mweupe badala ya kutu nyekundu. Chesisi nayo ni boksi lililo wazi ndani, hivyo huoza kutoka ndani kuja nje. Kutu ikionekana kwa nje, ujue imeshamaliza kazi.

Kagua kabla ya kupatana bei

Bei ya kunyoosha bodi haitajwi kwa kulitazama gari kwa mbali. Ng'oa zulia, inua viti, fungua mapambo ya milango. Tazama chini ya betri, ndani ya madigadi, kwenye mfereji wa kioo cha mbele, na chini kabisa ya milango, ambako kuna matundu madogo ya kutolea maji. Matundu hayo yakizibwa na vumbi, mlango hugeuka ndoo, nao huoza kuanzia chini kwenda juu. Kuyazibua kwa kijiti hakuna gharama yoyote.

Sumaku ndogo ni kifaa kizuri cha ukaguzi. Ipitishe polepole kwenye bati: ikilegea au kuanguka, hapo pana puti nene badala ya chuma. Ni kipimo kizuri hasa kwa anayenunua. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Gari la miaka thelathini lililopigwa rangi wiki moja kabla ya kuuzwa linajitembeza. Lakini kwa bodi ya Land Rover sumaku haisaidii, kwa kuwa alumini haivutwi. Huko gonga kwa kidole na usikilize: penye puti sauti hufa.

Kukata, kuchomelea, kunyoosha

Kosa kubwa katika gereji nyingi bubu ni kupaka puti juu ya kutu. Tundu linazibwa kwa gazeti au kipande cha waya wa wavu, puti inajazwa, inapigwa msasa, mteja anaondoka. Puti ya poliesta ina unga wa mawe laini ndani yake, nao hunyonya maji. Ikikaa juu ya kutu, inailisha unyevu kila siku.

Palipooza hukatwa, na mkato hufuatwa hadi bati safi lionekane pande zote. Kiraka kiwe cha bati linalokaribiana unene na la gari. Bodi za magari mengi ni za geji 20 hadi 22, yaani kati ya milimita 0.7 na 0.9. Bati la kuezekea nyumba ni geji 28 au 30, nusu ya unene huo au pungufu, tena limepakwa zinki. Fundi anayelichomelea anavuta mafusho ya zinki, na usiku anaweza kutetemeka kwa homa akidhani ni malaria.

Kuchomelea bati jembamba kunataka subira. Moto wa gesi ukikaa mahali pamoja, bati linapanuka na kujikunja, na paneli iliyokuwa imenyooka inakuwa na mawimbi. Fundi mzuri hushika pointi moja hapa, nyingine kule, anaacha bati lipoe, anarudi katikati. Kabla ya yote anavua betri na kuliondoa tangi la mafuta. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani limebaki na mvuke.

Kisha nyundo, na kipande cha chuma cha kuegemeza upande wa pili. Bati hurudishwa kwa mapigo mepesi mengi. Pigo kubwa moja hulivuta bati na kulifanya lizidi. Kipimo cha mwisho ni kiganja. Fundi hufumba macho, akapitisha mkono juu ya kitambaa laini, na kubonyea ambako jicho halikukuona mkono unakujua. Puti inayofuata ni ya kusawazisha tu, isizidi milimita tatu hivi.

Osha chumvi kwanza

Hatua inayorukwa kuliko zote pwani ni kuosha chuma kilicho tupu. Brashi ya waya na grainda huondoa kutu ya juu, lakini katika vishimo vidogo vya bati chumvi hubaki imejificha. Ukipiga praima juu yake, umeifungia ndani. Bati lisuguliwe, lioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, likaushwe upesi kwa upepo wa kompresa, na lipigwe praima siku hiyohiyo. Maji ya kisima kilicho karibu na bahari mara nyingi yana chumvi. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora.

Kutu iliyong'ang'ania kwenye vishimo hutibiwa kwa asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kuwa tabaka jeusi lisiloendelea kula. Alumini inataka praima yake inayoshika, la sivyo rangi itabanduka kwa vipande. Kwa chuma, praima ya epoksi ndiyo kinga ya kweli, kwa sababu haipitishi maji kirahisi. Praima ya kawaida ya kijivu hupitisha. Gari linalozungushwa na praima hiyo miezi miwili linaoza huku mwenyewe akidhani amelikinga. Puti nayo ipakwe juu ya epoksi, ipigwe msasa mkavu. Kuisugua kwa maji, kama wengi walivyozoea, ni kuinywesha.

Kuna jambo ambalo mkulima wa Kitaya angependa kulijua. Mafuta makali yatokayo kwenye ganda la korosho, yale yanayobabua mikono ya mbanguaji, ni malighafi ya viwandani. Hutengenezewa dawa za kugandisha rangi za epoksi zinazopakwa meli, na unga unaotiwa kwenye pedi za breki. Miaka mingi sehemu kubwa ya korosho zetu imesafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda lake limekwenda pamoja nazo.

Msimu wa fedha, msimu wa rangi

Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba, na fedha hufika kwa wakulima kuelekea mwisho wa mwaka. Ndipo magari yanapopelekwa kupigwa rangi, na huo ndio wakati mbaya kuliko yote. Kaskazi inavuma, hewa imejaa unyevu, mvua za Desemba ziko mlangoni. Maji huingia kwenye kompresa na kutoka na rangi. Rangi ya kukauka haraka hupata ukungu mweupe, kwa sababu thina ikiruka hulipoza bati, na unyevu hutua juu ya rangi mbichi. Wakati mzuri ni Juni hadi Septemba, asubuhi umande ukishakauka na kusi haijaanza kupeperusha vumbi.

Si lazima fedha zikae hadi Julai, maana fedha hazikai. Kazi igawanywe mara mbili. Zikiingia, chuma kishughulikiwe: kukata, kuchomelea, kuosha, praima ya epoksi nje, nta au grisi ndani ya chesisi na milango. Rangi ya juu isubiri kiangazi. Wakati huo epoksi itapigwa msasa mwepesi kwanza. Kwa miezi hiyo gari litakuwa la kijivu, na majirani watauliza kama fedha zimeishia njiani. Waache waulize.

Baada ya hapo linabaki suala la matunzo. Wengi hupuliza oili chafu chini ya gari. Huzuia maji kwa muda, lakini hulainisha mipira, hukusanya vumbi, na huchafua udongo na maji. Lami ni mbaya zaidi, kwani ikipasuka huficha kutu chini yake. Wajuzi wa vyombo hapo Mikindani wanaelewa jambo hili bila mahubiri: jahazi hupandishwa pwani, hukalafatiwa, hupakwa deheni, na msimu ukipita kazi hurudiwa. Hakuna nahodha anayedai alishapaka mwaka juzi.

Nani analipia kazi isiyoonekana

Mafundi wetu wengi wanajua haya. Wanayaruka kwa sababu mteja hulinganisha bei kwa kung'aa. Fundi anayetaka wiki tatu anapoteza kazi kwa anayeahidi siku nne, na wa siku nne ana njia moja tu ya kutimiza ahadi. Pia fundi huyo hupuliza rangi za kisasa zenye isosayaneti akiwa amejifunga kitambaa puani, na kemikali hiyo inaweza kumpa pumu ya maisha. Barakoa ya maana nayo iingie kwenye bei.

Mapatano ya haki basi yawe ya hatua. Malipo ya kwanza kwa vifaa. Ya pili mteja akishaliona bati tupu, likiwa limekatwa na kuchomelewa, kabla praima haijaligusa. Hata picha ya simu inatosha kwa aliye mbali. Ya tatu rangi ikikauka. Kama rangi inabadilika, kadi ya gari irekebishwe TRA, kwa kuwa rangi imeandikwa humo na trafiki huisoma. Katika malipo hayo matatu, ya pili ndiyo yawe makubwa kuliko yote, maana hapo ndipo panapoamuliwa kama gari litadumu miaka kumi au masika mawili.