Picha ya ubongo kwa wasichana wanaobalehe mapema

Picha ya ubongo kwa wasichana wanaobalehe mapema ni kipimo cha kutafuta kama kuna kasoro kichwani iliyoamsha homoni za utu uzima kabla ya wakati wake. Kwa msichana, kubalehe huhesabiwa kuwa kwa mapema iwapo matiti yanaanza kuota kabla hajatimiza miaka 8. Kwa mvulana mpaka huo ni miaka 9. Picha inayopendelewa ni ya MRI, ambayo hutumia sumaku na mawimbi ya redio, si mionzi ya eksirei.

Asili ya tatizo

Chini ya ubongo kuna sehemu iitwayo hipothalamasi. Hiyo hutoa homoni ya GnRH, nayo huiamuru tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere, kutoa homoni za LH na FSH zinazoamsha ovari. Utotoni mfumo huo umelala. Iwapo umeamka mapema, ubongo huchunguzwa. Lakini mara nyingine homoni hutoka kwenye ovari au tezi za adrenali zenyewe, au katika dawa na krimu alizotumia mtoto, na hapo picha ya kichwa haisaidii. Ndiyo maana kipimo cha damu hutangulia, pamoja na eksirei ya mkono wa kushoto inayoonyesha kama mifupa imekomaa kupita umri.

Yanayoonekana

Kwa wasichana walio wengi hakionekani kitu. Kasoro inayojulikana zaidi ni hamatoma ya hipothalamasi, kinundu ambacho mtoto huzaliwa nacho. Si saratani na kwa kawaida hakikui, ila huweza kuleta kifafa cha namna ya pekee: mtoto hucheka ghafla bila sababu, tena na tena. Nyumbani jambo hilo huweza kudhaniwa utundu au mapepo. Huonekana pia uvimbe wa aina nyingine, maji yaliyojaa kichwani, au madhara ya homa ya uti wa mgongo, ikiwemo ile ya kifua kikuu.

Nani apigwe picha

Msichana aliyeanza kabla ya miaka 6 hupaswa kupigwa picha, vilevile mwenye maumivu ya kichwa yasiyokoma, kutapika, degedege au kupungua kwa uwezo wa kuona, hata kama ana miaka 7. Kwa wenye miaka 6 hadi 8 wasio na dalili hizo, madaktari hawajakubaliana. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2018 ulikuta kasoro kwa takribani asilimia 25 ya walioanza kabla ya miaka 6, lakini asilimia 3 tu ya walioanza baadaye.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa mahali kama Itungi, bandari ya Ziwa Nyasa wilayani Kyela. Hospitali ya rufaa ya kanda iko Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kwa njia ya Tukuyu, na wengine hufika hadi Muhimbili, Dar es Salaam. Familia inayotegemea mpunga au kakao italipa nauli, malazi na kipimo chenyewe. Kwa kuwa uamuzi hutegemea umri, kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa ni ya kutunzwa, na mzazi akumbuke mwezi alioona badiliko la kwanza. Urefu, uzito na macho vinaweza kupimwa karibu na nyumbani.

Upigaji wenyewe huchukua takribani nusu saa au zaidi. Mtoto hutakiwa kutulia kabisa ndani ya mashine yenye kelele, hivyo wadogo mara nyingi hupewa dawa ya usingizi.

Baada ya picha

Picha safi haimaanishi kwamba mtoto hana tatizo. Mifupa ikikomaa haraka hufunga mapema, naye hubaki mfupi. Sindano za kila mwezi au kila miezi 3 huweza kusimamisha kubalehe hadi umri unaofaa. Mafunzo ya madaktari wa homoni za watoto kwa nchi za Afrika yalianza Nairobi mwaka 2008.