Klipu Ikianguka Ndani ya Injini: Ulipie Nini, Ukatae Nini

Klipu ya pini ya pistoni ni kiwaya cha chuma kilichopindwa, na dukani haikugharimu hata shilingi mia. Kazi yake ni kuizuia pini isichomoke ikakwaruza silinda. Fundi wa pikipiki pale Asumbi, kando ya barabara ya Rongo kwenda Homa Bay, huisukuma mahali pake kwa bisibisi nyembamba, bloku ikiwa imeshatolewa na mdomo wa kesi uko wazi chini ya pistoni. Klipu ikimponyoka, inaruka, inagonga konrodi, kisha unaisikia ikilia huko chini. Kuanzia hapo mwenye pikipiki ana maamuzi kadhaa, na kati ya lililo rahisi zaidi na lililo ghali zaidi kuna tofauti ya bei ya injini.

La kwanza halina gharama: mtu yeyote asiguse kiki. Katika Boxer, TVS na nyingi za pikipiki tunazopanda huku, krenki na gia hukaa ndani ya kesi moja na kunyweshwa oili moja. Klipu iliyolala kimya chini ya krenki inaweza kupatikana kwa dakika chache. Krenki ikizungushwa, inaibana klipu kati yake na ukuta wa kesi, au inaitupa nyuma kwenye meno ya gia, na kazi ya dakika inageuka kuwa ya siku nzima.

Basi tochi ya simu iwashwe, na sumaku itafutwe. Sumaku ya fimbo inayorefuka huuzwa shilingi mia chache katika maduka ya vifaa, na kwangu hii ndiyo pesa inayofanya kazi kubwa kuliko zote nitakazozitaja. Shida yake inajulikana: krenki na konrodi ni chuma, hivyo sumaku huzing'ang'ania kila unapoiteremsha. Dawa ni kuivisha kipande cha mpira wa petroli, ncha tu ibaki nje. Ukuta wa kesi ni alumini, hauishiki. Klipu, pini, kipande cha ringi kilichovunjika na doweli za bloku vyote huvutwa na sumaku. Washa ya shaba au kipande cha pistoni havivutwi. Kwa vitu hivi, grisi nzito hupakwa kwenye ncha ya waya laini, kitu kikanaswa kwa kugandishwa.

Kuna pia kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Sioni sababu ya mwenye pikipiki moja kuinunua. Lakini fundi anayefungua injini kila wiki, au wanachama wa steji moja wakichangishana, watairudisha pesa yao haraka, maana kutafuta gizani ndiko kunakomshawishi mtu kuzungusha krenki "kidogo tu".

Sumaku ikishindwa, njia inayofuata ni kuosha. Boliti ya kumwagia oili inafunguliwa, dizeli au oili safi inamiminwa kutoka juu, na pikipiki inainamishwa huku na huku ili kitu kielekee tunduni. Petroli isitumike kamwe. Mvuke wake unawaka, na vibanda vingi vina jiko au mashine ya kuchomelea jirani. Gharama hapa ni oili mpya, takriban shilingi mia tano hadi mia nane kwa lita kutegemea chapa, na hiyo ungeinunua vilevile baada ya ukarabati. Kwa maneno mengine, kuosha karibu ni bure. Kasoro yake ni kwamba kitu kinaweza kusimama kwenye kingo za ndani kisishuke. Mkikosa kukiona kikitoka, msijiambie kwamba labda kilitoka.

Kama kilichoanguka ni boliti ya taiming, au vile viklipu viwili vinavyoshika springi ya valvu, kwa kawaida kimeteremkia kwenye njia ya mnyororo wa taiming. Hapo hakuna haja ya kugusa katikati ya injini. Kava ya upande huo inafunguliwa, mara nyingi ni upande wa magneto, na hutokea kitu kikakutwa kimeshikwa na sumaku za magneto yenyewe. Unalipa gasketi ya kava na kazi ya muda mfupi. Uliza mapema kama fundi ana puli ya kuvutia magneto. Kuigonga kwa nyundo ni kukununulia hasara ya pili.

Kupasua kesi ndiko watu wanakokuogopa, na wana haki. Injini inashuka kutoka kwenye fremu, klachi inatoka, magneto inatoka, kesi zinatenganishwa. Kuna gasketi za kati, sili za oili, na mara nyingi beringi ambazo ukishazifikia hutaki kuzirudisha zikiwa zimechoka. Lakini kabla hujakataa, mwambie fundi ashike konrodi aivute juu na chini. Ikiwa inacheza wima, injini ilikuwa inakwenda kupasuliwa hata bila klipu, na kazi hizo mbili zifanywe kwa mkupuo mmoja. Ikiwa konrodi iko imara na krenki haikuwa na kelele kabla injini haijafunguliwa, basi sumaku na kuosha virudiwe kwa subira kwanza.

Kwenye hesabu ya kupasua, wengi husahau siku. Tuseme siku ya kawaida inakuachia shilingi 700 baada ya petroli, na mkopo wa pikipiki unadai 400 kati ya hizo. Siku tatu kibandani ni shilingi 2,100 ambazo hazikuingia, na 1,200 za mkopo zitatoka kwingine, kwa sababu mkopo haujui kwamba pikipiki imefunguliwa. Ikiwa spea inafuatwa Kisii, ongeza nauli.

Hata kwa hesabu hiyo, kuifunga injini klipu ikiwa ndani ndilo chaguo ninalolipinga bila masharti. Inaweza kukaa chini kwa muda bila madhara, ndiyo maana kuna wanaolitetea. Siku ikiokotwa na krenki au ikaingia kwenye gia, kinachovunjika ni meno ya gia, au kesi yenyewe inapasuka. Na kesi si spea kama nyingine: namba ya injini imegongwa juu yake. Ukinunua kesi nyingine au injini ya mtumba, namba haitalingana na rekodi, na utalazimika kuibadilisha NTSA kabla ya kuuza pikipiki au kubishana na polisi barabarani.

Hapa ndipo mwenye pikipiki ana nguvu kuliko anavyodhani. Fundi anayejua atafokewa mbele ya steji nzima, na kukatwa malipo yote, ana kila sababu ya kunyamaza na kufunga. Kwa hivyo maneno yasemwe kabla spana haijaguswa: "Omera, kikianguka kitu niambie. Kazi ya kukitoa ni yako, gasketi na oili tutagawana, na chochote tutakachokikuta kimechakaa huko ndani ni changu." Nimeona mapatano ya namna hii yakifanya watu wazima waseme ukweli. Na umwombe azibe mdomo wa kesi kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi kabla ya kugusa klipu, aweke klipu ya upande mmoja pistoni ikiwa bado mezani, na atumie klipu mpya, si zile za zamani zilizolegea.

Kazi ikiisha, klipu zilizotoka na zilizoanguka zipangwe kwenye karatasi, zihesabiwe mbele yako, ndipo umalizie malipo. Kisha baada ya kilomita mia mbili au tatu, mwaga oili kwenye beseni safi na upitishe ile sumaku ndani yake. Unga mwembamba wa chuma ni wa kawaida kwa injini iliyotoka kufanyiwa kazi. Kipande unachoweza kukishika kwa kucha si cha kawaida, na pikipiki irudi kwa fundi siku hiyohiyo.