Mizizi na Sumu Iliyobaki Udongoni

Wewe mkulima wa Karagwe au Kyerwa uliyerithi kibanja, yakupasa kujua ya kwamba mzizi haunywi tu, bali hutoa pia. Usiku na mchana hutoa sukari na asidi kidogo kidogo, na vijidudu vya udongo visivyoonekana kwa macho huzikusanyikia. Pakimwagika mafuta ya taa, baadhi ya vijidudu hivyo huyavunja. Kwa hiyo nyasi zenye mizizi mingi husaidia kuponya mahali hapo, ingawa si kwa mwezi mmoja.

DDT na dieldrini ni habari nyingine. Dawa hizi, zilizowekewa makatazo na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, hushikamana na mboji miaka mingi. Huko Vikuge, karibu na Kibaha, shehena ya dawa iliyoletwa mwaka 1986 iliharibikia ghalani, na udongo ukachafuka. Asidi za mizizi, kama ile iliyomo ndani ya limau, huzibandua chuma na alumini zinazoshika mboji, na sumu ikalegea. Mimea mingi huivuta kidogo tu. Mboga jamii ya maboga huivuta sana, ikapanda hata kwenye majani na tunda. Nasi majani ya maboga ndiyo mboga yetu!

Basi, palipokuwa na stoo ya dawa, usipande maboga wala matango. Panda nyasi, wala usiwakatie ng'ombe, kwa maana sumu hii huingia katika maziwa. Ukikuta madebe ya dawa za zamani, usiyafukie. Mwite bwana shamba.