Utangulizi: Moto na Ukuta Wake

Ukipita Unga Limited hapa Arusha, simama kwenye karakana ya fundi anayechomelea kwa gesi ya agoni. Moto wenyewe usiutazame, utaumia macho. Akishazima, mwombe akuoneshe kile kijiti cha kijivu kilichonolewa ncha kama penseli. Hiyo ni tangisteni. Chuma kimeyeyuka chini yake, kijiti chenyewe kiko vilevile, kwa sababu tangisteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422 za Selsiasi; hakuna metali nyingine inayofika huko. Ila ncha hiyo ikigusa chuma kilichoyeyuka huchafuka, na fundi hana budi kuinoa upya.

Huko Cadarache, kusini mwa Ufaransa, unajengwa mtambo wa ITER. Humo hidrojeni nzito itapashwa hadi nyuzi milioni 150, igeuke plazma, viini vya atomu viungane na kutoa nishati. Chungu cha kuhimili joto hilo hakipo, hivyo plazma hushikiliwa katikati kwa sumaku. Vitabu vingi vya shule huishia hapo, kana kwamba plazma ni mtoto mtulivu.

Haitulii. Mwaka 1982, kwenye mtambo wa ASDEX huko Garching, Ujerumani, Friedrich Wagner na wenzake waliona kwamba plazma ikipashwa vya kutosha hujijengea uzio pembezoni na kutunza joto vizuri zaidi. Bahati hiyo ina gharama: shinikizo hurundikana kwenye uzio mpaka linaupasua, kisha hurundikana tena. Aliyekoroga uji mzito anaujua mchezo huu. Juu kumetulia, mara puu! tone linaruka na kukuunguza mkono. Hapa kinachorukiwa ni ukuta wa ndani wa mtambo, ambao huweza kuvikwa tangisteni ile ya fundi.

Mpasuko mmoja huisha kabla sekunde haijafika hata sehemu yake ya elfu. Joto halipati muda wa kuzama. Ngozi ya juu ya metali hutanuka, husinyaa, hutanuka tena, hatimaye hufanya nyufa. Nazo chembe za tangisteni zilizobanduka zikiingia katikati ya plazma, hunururisha joto lake nje na kuudhoofisha moto. Ukuta ulioumizwa hulipiza. Iko pia misukosuko ambamo plazma nzima huporomoka kwa mkupuo, na elektroni zinazochoropoka humo huweza kuyeyusha metali. Hiyo nimeitengea sura yake.

Tiba zipo: koili za kuuvuruga uzio kidogo kabla haujapasuka, na vidonge vya hidrojeni iliyogandishwa ili mipasuko iwe mingi lakini midogo. Mwaka 2023 ITER walitangaza nia ya kuachana na beriliamu kwenye ukuta wa ndani na kuhamia tangisteni. Naona walifanya vyema, ingawa deni la zile chembe bado halijalipwa.

Chini ya Mlima Meru hatuna mtambo wa namna hii. Tunao vijana wanaosomea sayansi ya vitu na nishati pale Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, na kitabu hiki nimewaandikia wao kwanza. Milinganyo inaanza sura ya tatu. Ikikutisha, soma sura ya nyufa kwanza, kisha urudi.