Kupima Prosesa kwa Ajili ya Michezo ya Mikakati na ya Uigaji

Prosesa ni kiungo cha kompyuta kinachotekeleza maagizo ya programu, hatua baada ya hatua. Anayetaka kuinunua huonyeshwa kwanza namba mbili: idadi ya viini vyake, na wingi wa mipigo ya saa yake, unaohesabiwa kwa gigahezi, yaani bilioni za mipigo kwa sekunde. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba namba hizo hazitoshi. Neno «kasi», kama linavyotumiwa kwa kawaida, huchanganya mambo mawili: mipigo ya saa na muda wa kuimaliza kazi. Mnunuzi asiyeyatenganisha huweza kulipia asichokihitaji.

1. Kazi yenyewe

Michezo mingi ya mbio na ya mapigano huielemea zaidi kadi ya picha. Michezo ya mikakati na ya uigaji ina mzigo mwingine. Katika Civilization VI (2016), mchezaji akimaliza zamu yake, kompyuta huamua kwa niaba ya kila dola pinzani: jeshi liende wapi, mji ujenge nini, nani apigwe vita. Katika Factorio (2020), mchezaji hujenga kiwanda, nayo programu hukokotoa hali ya mikanda, mashine na matanuri yake mara 60 kwa sekunde. Kiwanda kikikua mno, prosesa hushindwa kufikia kiwango hicho, na ulimwengu wote wa mchezo huenda polepole, hata picha zikiwa safi. Kwa hiyo, katika mchezo wa kwanza inafaa kupima muda wa zamu, na katika wa pili idadi ya hatua za uigaji kwa sekunde.

2. Viini

Yaweza kudhaniwa kwamba viini 16 humaliza kazi kwa nusu ya muda wa viini 8. Gene Amdahl alieleza mwaka 1967 kwa nini sivyo: sehemu ya kazi isiyogawanyika huiwekea mpaka kazi nzima. Sehemu hiyo ikiwa nusu, hata viini elfu haviwezi kuushusha muda chini ya nusu. Uigaji una sehemu nyingi za namna hiyo, kwa kuwa tokeo la hatua moja ndilo chanzo cha hatua ifuatayo.

3. Kache

Kache ni kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya prosesa. Data isipopatikana humo, hungojewa kutoka kumbukumbu kuu, pengine kwa mamia ya mipigo. Prosesa mbili za AMD zatoa mfano bora. Ryzen 7 5800X ya mwaka 2020 na Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 zina viini 8 kila moja. Ya kwanza hufikia gigahezi 4.7, ya pili 4.5. Hata hivyo, ya pili ina megabaiti 96 za kache ya ngazi ya tatu, ilhali ya kwanza ina 32. Katika Factorio, ya pili humshinda mwenzake waziwazi. Katika kubana video, hubaki nyuma kidogo. Tena, kiwanda kikiizidi kache kwa ukubwa, faida hiyo hupungua.

4. Namna ya kupima

Kwanza, prosesa zote zipewe mchezo uleule uliohifadhiwa, tena uliokwisha kukua, kwani mchezo unaoanza hauielemei prosesa yoyote. Pili, toleo la programu na kumbukumbu kuu visibadilishwe. Tatu, kipimo kirudiwe mara kadhaa, na ichukuliwe namba ya kati.

Kwa kumalizia, inafaa «mpigo» ubaki jina la mwendo wa saa, na «kasi» itajwe pamoja na kazi inayohusika. Swali «prosesa ipi ina kasi zaidi?» halina jibu mpaka liulizwe: katika kazi gani?